Pointi za Makka

Mama mkwe wangu, Bi Nasiha, alipenda vitu viwili duniani: Makka, ambayo hakuwahi kuiona, na ulimi wake, ambao mtaa wetu wote wa Voi, nyuma ya msikiti, uliujua vizuri. Akimaliza sala ya alfajiri aliomba dua ileile, Mola amjaalie Hija kabla hajafa. Akishasema amina alifungua mlango wa uani na kuanza kusema watu.

Mimi nilikuwa wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa karibu. Wali wangu ulikuwa bokoboko. Mwanangu Zaitun alikuwa amechukua pua mbaya ya kwetu. Sufuria nikizisugua mpaka nijione uso, yeye alipitisha kidole na kumwonyesha Munir masizi ambayo hayakuwapo. Sisemi haya mnionee huruma. Nasema mjue tangu mapema kwamba mimi si mpatanishi katika hadithi hii, na kwamba yaliyompata yule mama niliyacheka kwa moyo wote.

Munir, mume wangu, alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa karani wa hesabu katika hoteli moja ya watalii huko mbugani, mtu wa tai na kalamu mfukoni, na kilichomkosesha raha ni kwamba mshahara wa karani haumpeleki mtu Makka. Kisha mwaka wa tisini na sita akarudi kutoka Mombasa na kadi.

Aliiweka juu ya mkeka baada ya chakula, kama bwana harusi anayetoa mahari.

"Hii, mama, ndiyo itakayokupeleka Hija."

Bi Nasiha akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akainusa.

"Kiplastiki hiki? Hiki hakinifikishi hata Mwatate."

Munir akaeleza. Ukinunua kitu hutoi pesa, unatoa kadi. Wanaitia kwenye mashine yao ya chuma, wanaiparuza juu ya karatasi, unatia sahihi, unaondoka na mali yako. Mwisho wa mwezi ndipo unalipa. Na kila unaponunua, wenye kadi wanakuwekea pointi. Pointi zikifika kiwango chao wanakupa tikiti ya ndege, kwenda na kurudi, hata Jeddah.

"Na riba?" akauliza mama. Kwa riba alikuwa mkali, maana haikuwahi kumfaa.

"Riba ni ya anayechelewa kulipa. Ukilipa zote kwa wakati wake, hakuna riba hata senti."

"Basi wao wanakula nini?" nikauliza mimi.

"Wanawala wanaochelewa," akasema Munir, akacheka sana.

Mama akaendelea kuipapasa ile kadi. "Kwa hiyo hizo pointi ni nyongeza."

"Naam, mama. Ni nyongeza tu, kama ya sokoni."

Hapo roho yake ikatulia. Nyongeza anaijua kila mtu. Ukinunua fungu la nyanya katika soko la Voi, muuzaji anakurushia mbili juu, na zikishaingia kikapuni ni zako. Hajapata kutokea muuzaji akakukimbilia njiani azichukue. Hivyo ndivyo mama alivyozielewa pointi, na Munir naye, pamoja na cheti chake cha uhasibu, alizielewa hivyohivyo. Katika nyumba yetu hakuna aliyewaza vingine.

Aliyewaza vingine alikuwa Wakesho, mwanamke wa Wundanyi aliyeuza mboga kwenye kona yetu. Nilipomhadithia alicheka huku akimwagia sukumawiki maji.

"Nyongeza kubwa hivyo? Mimi nikitaka kukupa nyongeza kubwa, kwanza napanga fungu ndogo."

Lakini nisiwe mnafiki. Kwa mwaka mzima na zaidi kadi ile ilitufaa. Hapa Voi ilipokelewa kwenye kituo kimoja tu cha mafuta, pale barabara kuu, na Mombasa kwenye maduka makubwa ya jumla. Munir akageuka mtumishi wa kila mtu. Mwenye matatu akitaka petroli, anampa Munir pesa, Munir anaparuza kadi. Kanisa la Wakesho likitaka mabati, pesa zinakuja kwa Munir, mabati yanatoka Mombasa. Matanga yakitokea, mablanketi na sukari ni Munir. Watu walifurahi kuletewa vitu bila usumbufu, naye alifurahi kuona pointi zinapanda. Mwisho wa mwezi alipanda basi akaenda kulipa kila shilingi. Katikati ya mwezi, hata hivyo, mifuko yake ilikuwa imejaa pesa za watu, na mwanamume mwenye mifuko iliyojaa huanza kutembea kwa madaha. Alinunua viatu vya ngozi. Alianza kuwapa wazee salamu akiwa hajasimama.

Katika mwaka huohuo bangili zangu za dhahabu zilipotea. Zilikuwa za marehemu mama yangu, nimezifunga kwenye pamba ndani ya mkebe, na mkebe ndani ya sanduku. Siku hizo tulikuwa na msichana wa kazi, Ngina, Mkamba wa upande wa Maungu, mpole, hodari wa kukanda unga. Bi Nasiha hakungoja hata nimalize kulia. Alimpekua Ngina nguo zote, akamfumua nywele msuko baada ya msuko, akamwita mwizi mbele ya majirani, kisha akaita polisi. Ngina alilala selo, akatoka mdomo umevimba, akarudi kwao bila mshahara. Siku ile Bi Nasiha alinikumbatia kwa mara ya kwanza tangu niolewe. "Pole, mwanangu," aliniambia, "watu hawa hawana shukrani." Nani angemshuku mwanamke anayeamka usiku wa manane kuswali?

Pointi zikafika mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba. Munir alipigiwa simu na wenye kadi ofisini kwake, wakampongeza. Akarudi nyumbani mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani, mama akasujudu pale pale uani juu ya maganda ya vitunguu.

Ikabaki pesa ya mambo mengine, maana tikiti haikulishi wala haikulazi: kiongozi wa msafara kutoka Mombasa, malazi, chakula, mnyama wa kuchinja. Hapo Bi Nasiha akaingia chumbani mwake na kutoka na bunda la noti limefungwa kwa kitambaa. "Akiba yangu," alisema. Tulishangaa, kwa kuwa mwanamke yule hakuwahi kutoa hata sarafu ya chumvi. Munir akambusu mkono akazipokea.

Lakini ulikuwa msimu wa Elnino. Mvua ilinyesha kama iliyotukanwa. Barabara zilikatika, na Mombasa ndizi zikapanda bei, hasa kwa vile Ramadhani ilikuwa inaelekea kwisha na kila nyumba ilitaka ndizi za Idi. Munir akaniambia chumbani kwamba ana mpango. Atachukua akiba ya mama na pesa za watu za mwezi ule, zile za kulipia kadi, aende Taveta akanunue ndizi lori zima, auze Mombasa, arudishe kila kitu mahali pake na faida juu. Mara moja tu.

"Na ukichelewa kulipa kadi?" nikamwuliza.

"Pointi zimeshafika, Rayhana. Nikichelewa kidogo nitatozwa faini kidogo. Pointi ziko kikapuni."

Lori lilizama kwenye tope likiwa limepita Maktau kidogo, mahali pasipo nyumba wala mtu. Wakachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, halipandi. Mvua ikaendelea, ndizi zikaanza kuiva, harufu ikasafiri. Ndovu wa Tsavo hawahitaji kualikwa. Walitokea jioni, kundi zima, mama na watoto wao, dereva na Munir wakakimbilia juu ya mti, na kutoka huko juu mume wangu akawatazama wakila Hija ya mama yake mkungu baada ya mkungu. Walikula taratibu. Walipotosheka wakakanyaga zilizobaki.

Alirudi nyumbani kwa miguu na kwa kuombaomba lifti, tope mpaka mapajani, begani mkungu mmoja aliouokota. Bi Nasiha alifuturu ndizi mbili za mkungu ule.

"Tamu," alisema. "Za Taveta hizi?"

"Za Taveta, mama," Munir alijibu, akainuka kwenda kuswali.

Hakumwambia. Alikopa mshahara wa mbele ofisini akamlipa kiongozi wa msafara, na kadi akaiacha isubiri. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia tikiti iko, mama atakwenda, na mimi nitapata mwezi mzima wa kupika wali ninavyotaka.

Idi ilipokwisha, Bi Nasiha akaanza kuaga. Kwetu sisi anayekwenda Hija haondoki hivihivi. Anamaliza madeni, kisha anazunguka mlango kwa mlango kuomba radhi kwa wote aliowakosea, maana huenda asirudi. Maalim Sufian, anayesomesha watoto wetu Kurani, alimwita akamkalisha.

"Bi Nasiha, una deni?"

"Sina deni hata la ndururu, maalim."

Alisema kweli. Deni lilikuwa na jina la mwanawe.

"Basi nenda kwa watu. Na usiombe radhi ya jumla, kama mtu anayewarushia kuku mtama. Taja ulilomtendea kila mmoja, ndipo radhi iwe radhi."

Nadhani maalim hakujua anafungua mlango gani. Bi Nasiha alijifunga kanga mpya akatoka, na kila alipoingia aliacha watu midomo wazi.

Alianza na Wakesho. Alimwambia kwamba mwaka ule askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, walipokuja kuivunja meza yake na kumwaga mboga zake mtaroni, yeye ndiye aliyewaita, kwa kuwa Wakesho alikuwa amemnyima nyongeza ya bamia. Wakesho alimaliza kufunga fungu la mchicha. Kisha akasema, "Haya, Mama Munir. Kama unaenda kwa nyumba ya Mungu, yameisha."

Akaenda kwa Fanuel, fundi cherehani wa mlango wa pili. Fanuel alipokonda, miaka miwili nyuma, mji mzima ulisikia kwamba ana ule ugonjwa. Wateja wakakoma kumpelekea nguo, mkewe akachukua watoto akapanda nao milimani kwao. Fanuel hakuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa ni vidonda vya tumbo. Bi Nasiha alimwambia kwamba neno lile lilitoka kwake, tena alilisema akijua ni uongo, kwa sababu Fanuel alikuwa amemharibia kola ya buibui. Nilikuwa dukani siku ile nikingoja nguo yangu itiwe zipu. Niliona mguu wa Fanuel ukisimama juu ya pedali ya cherehani.

"Nenda salama, mama," alisema. "Utuombee huko."

Mimi nilikuwa wa mwisho. Alinikuta jikoni nikikuna nazi. Alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakupitisha kidole popote.

"Rayhana, zile bangili zako nilizichukua mimi. Nilimuuzia sonara Mombasa. Ndiyo ile akiba. Niwie radhi, mwanangu, nakwenda kwa Mola wangu."

Niliendelea kukuna. Nilikuna mpaka nikafika kwenye kifuu, nikaona vumbi jeusi linaanguka kwenye nazi nyeupe. Bangili za mama yangu zilikuwa zimegeuzwa ndizi, na ndizi zilikuwa zimeliwa na ndovu, na mbele yangu alisimama mwizi amevaa kanga mpya, ananiita mwanangu. Nilimchukia mpaka masikio yakapata moto. Lakini desturi ni desturi, na anayekwenda Hija hanyimwi.

"Nimekusamehe," nikasema. "Na Ngina?"

"Ngina gani?"

"Uliyemfumua nywele."

"Aa, yule mfanyakazi. Yule alishakwenda zake."

Nilivua kanga ya jikoni nikaenda moja kwa moja kwa Maalim Sufian nikamwambia. Jioni ileile maalim akamwambia Bi Nasiha kwamba asipopata radhi ya yule msichana, aliyemdhulumu kuliko wote, hiyo Hija yake ni matembezi. Kesho yake mimi mwenyewe nilimshika mkono nikampandisha basi la Maungu. Nauli nililipa mimi, na sijawahi kulipa nauli kwa raha namna ile.

Ngina alikuwa na kibanda cha chai na mahamri kando ya barabara kuu, pale malori yanaposimama kupoza injini. Alituona tukivuka barabara, akaendelea kummiminia dereva chai. Akapokea pesa, akarudisha chenji, akafuta mikono.

"Bibi Nasiha. Leo umekuja kunipekua nini?"

Bi Nasiha alisema yote, kwa haraka, kwa sauti ya chini. Madereva waliacha kutafuna ili wasikie. Alipomaliza akanyoosha mikono yote miwili. "Nakwenda Makka, mwanangu. Niwie radhi."

Ngina alielekeza kidole kwenye kipande cha kadibodi kilichopigiliwa msumari juu ya jiko. Kiliandikwa kwa makaa: LEO LIPA, KUKOPA NI KESHO.

"Hawa madereva ni marafiki yangu, na hata hao sikopeshi. Wewe nitakukopesha aje? Enda Makka. Ukirudi, shukia hapa, nitakupa radhi yako kwa mkono."

"Lakini radhi huombwa kabla ya safari!"

"Hiyo ni kwa wenye wanajua utafika."

Bi Nasiha alilia njia nzima kurudi Voi. Maalim akamfariji kwamba ahadi nayo ni kitu, na kwamba akirudi salama ataipokea. Siku ya safari tukapika pilau, watoto wa chuo cha Kurani wakamsomea kasida, na Wakesho na Fanuel wakaja kumpa mkono. Munir akambebea sanduku wakapanda basi la Mombasa kuchukua tikiti. Mtaa mzima ulipunga. Watu walishaanza kumwita Hajati.

Alirudi kesho yake saa nne asubuhi.

Makondakta wa steji walimwona anashuka na sanduku lake. Mmoja akapiga kelele iliyofika mpaka kwetu: "Hajati amerudi! Kumbe Makka imesongezwa, siku hizi iko Mariakani!" Walimsindikiza wakicheka mpaka kwenye kona ya Wakesho. Munir alikuja nyuma, hana tai.

Alinisimulia akiwa amekaa kwenye ngazi. Waliingia ofisi ya wenye kadi, kuna baridi ya mashine, msichana mrembo mezani. Akabonyeza, akatazama, akasema akaunti hii imechelewa miezi miwili, na akaunti iliyochelewa hufutiwa pointi zote. Imo katika masharti, nyuma ya fomu, katika yale maandishi madogo kama mayai ya chawa.

"Lakini zilikuwa zimeshafika!" Munir alimwambia.

"Zilikuwa," akajibu msichana.

Munir akabishana naye kama anayebishana na muuza nyanya, kwamba nyongeza ikishaingia kikapuni hairudi. Msichana hakujua anazungumziwa nini. Akaomba aione kadi. Munir akampa, akidhani inaangaliwa. Msichana akatoa mkasi akaikata vipande viwili mbele ya mama, kisha akamweleza Munir deni lake limefika ngapi pamoja na riba na faini, na faini ya faini. Alisema yote hayo akitabasamu, maana ndivyo walivyofundishwa.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Nilimtazama mume wangu nikakumbuka alivyocheka usiku ule wa mkeka. Wanawala wanaochelewa.

Aliyekuja kwanza ni Wakesho, kabla ya adhuhuri, mikono ina maji ya mboga.

"Mama Munir, nilisema yameisha juu ulikuwa unaenda kwa Mungu. Sasa hujaenda. Ile meza yangu na mboga zangu nazidai."

Bi Nasiha alimpa sufuria yake kubwa ya shaba. Wakesho akaigonga kwa kidole kusikia kama ni nzima, akaondoka nayo.

Fanuel hakutaka sufuria. Alitaka neno. Alimwambia Bi Nasiha atoke naye mpaka pale steji, aseme kwa watu kama alivyosema dukani, kwa sauti ileile aliyokuwa akisemea watu alfajiri. Akasema. Sauti ilikatika, Fanuel akamwambia arudie, wa nyuma hawajasikia. Akarudia. Watu walimzomea mpaka akaingia ndani ya duka la mkaa kujificha. Wiki ileile nguo zikaanza kurudi kwenye cherehani ya Fanuel. Mke hakurudi.

Wengine nao wakaja, kila mtu na lake. Katika safari yake ya mlango kwa mlango mama yule alikuwa ameweka mikononi mwa Voi nzima kila kisu ambacho wangehitaji, na alikuwa amekinoa mwenyewe.

Mimi nilingoja. Nilimwachia siku kadhaa adhani kwamba ndani ya nyumba, angalau, yuko salama. Asubuhi moja akanijia jikoni, mnyonge, akaniomba nimsaidie kutoa nguo kwenye sanduku la safari.

"Radhi niliyokupa," nikamwambia, "nilimpa Hajati. Wewe si Hajati. Nirudishie."

"Rayhana, mwanangu, radhi hairudishwi."

"Nirudishie radhi yangu au bangili za mama yangu. Chagua."

Alikaa chini palepale kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Alikuwa amenywea, mabega yamemwingia. Nikakusanya sufuria zangu nikampitishia moja moja mbele ya macho, nikamwuliza kama anaona masizi. Maalim Sufian alisikia, akanijia kunionya kwamba aliyesamehe amesamehe, hana ruhusa ya kugeuka.

"Maalim," nikamwuliza, "na zile pointi je? Zilikuwa hazijatolewa?"

Aliinuka akavaa makubadhi yake akaondoka. Mpaka leo hasimami kwangu kunywa maji.

Munir alikatwa mshahara miaka na miaka. Friji ilikwenda, kitanda cha chuma kikaenda, viatu vya ngozi vikaenda. Bi Nasiha akaacha kufungua mlango wa uani alfajiri. Akitoa salamu hakuna anayeitikia, na akitokea shughulini wanawake wanainua vibeti vyao kutoka sakafuni na kuvikumbatia. Hija haikutajwa tena. Kilichobaki ni hofu ya kufa vile alivyo, radhi zote zimechukuliwa. Ndipo akakumbuka kwamba kuna mtu mmoja ambaye hakumnyang'anya kitu, kwa kuwa hakumpa. Asubuhi moja akatoka bila kuaga, akapanda basi la Maungu, na kwetu hakurudi.

Mwaka uliofuata nilikuwa nakwenda Mombasa kwa arusi ya binamu yangu, na basi letu likasimama Maungu. Nikashuka kununua mahamri. Kibanda cha Ngina kilikuwa kimepanuka, kina mabenchi na paa la bati. Nyuma yake, juani, mwanamke mzee alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni kubwa, mikono imo kwenye povu mpaka viwiko, anaosha vikombe vya madereva. Alikuwa na kanga ileile aliyojifunga wakati wa kuaga Voi, sasa imepauka. Aliosha kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani, akakirudisha kwenye maji.

Hakuniona. Ngina alinifungia mahamri kwenye gazeti.

"Anakuja kila siku?" nikamwuliza.

"Zile siku malori ni mingi. Simlipi, na sijamuita. Alikuja akasema hajui afanye nini ndio nimsamehe. Nikamuonyesha beseni."

"Umeshamsamehe?"

Ngina alitazama nyuma, akatazama rundo la vikombe safi na rundo la vichafu, kama mtu anayekisia bei. Dereva wa basi akapiga honi.

"Bado hajafikisha," akasema, akanyoosha mkono nimpe pesa yake.